Mgonjwa asiyesumbua

Kila wodi ina mgonjwa inayempenda. Kwenye wodi ya magonjwa ya akili anayependwa ni yule asiyesumbua: hapigi kelele saa nane za usiku, havunji kioo, haombi sigara kila akikuona, hatukani mama wa mtu. Asubuhi zamu zinapokabidhiana, taarifa yake inakuwa sentensi moja tu: "Kitanda namba tano ametulia, amelala vizuri." Halafu mazungumzo yanahamia kwa aliyerusha sahani ya ugali ukutani.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Moshi, na aliyerusha sahani hanikoseshi usingizi. Kurusha sahani ni kazi ya mtu mwenye nguvu, tena aliyekula jana. Anayenikosesha usingizi ni namba tano. Mtu anaweza kutulia hivyo siku tatu, hajanywa hata tone la maji, kibofu kimejaa, damu imeanza kuganda miguuni, na hakuna aliyeuliza kitu kwa sababu hajamkera mtu yeyote.

Hali hiyo inaitwa katatonia. Huwapata watu wenye skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, wenye sonona kali, wenye baipola, ambao hisia zao hupanda na kushuka kupita kiasi, na hata watu ambao hawajawahi kuugua akili maishani mwao ila ubongo umeshambuliwa na maradhi mengine. Tafiti za nchi mbalimbali zilipojumlishwa, takriban asilimia 9 ya wagonjwa wa akili waliochunguzwa walikutwa nayo. Kwa hiyo kwenye wodi ya watu thelathini, watafute wawili watatu. Muuguzi akiniambia kwamba hajawahi kumwona hata mmoja, huwa nawaza kwamba aliwaona, akaandika "ametulia".

Sura yake inayojulikana ni ya mtu aliyeganda. Yuko macho, anakuona, lakini hasemi, au ananong'ona neno moja ukalazimika kuinama kulisikia. Anakodolea macho sehemu moja bila kupepesa. Ukimweka mkao fulani anabaki nao, hata kama mkao wenyewe ungemchosha mtu mzima ndani ya dakika mbili. Ukimlisha, anafunga meno; ukimvuta, anavuta upande wa pili kwa nguvu ileile uliyotumia. Wengine wanarudia maneno yako kama yalivyo, au wanaiga unachofanya kwa mikono. Kuna na sura ya pili, ambayo hata wenzangu kazini huisahau: mgonjwa hatulii kabisa. Anazunguka bila shabaha, anavua nguo, anarudia sentensi moja saa nzima, hadi mwili unachemka kwa uchovu. Wapo pia wanaobadilika, asubuhi wameganda, jioni wanakimbia. Mwili ni kama gari ambalo dereva kakanyaga mafuta na breki kwa wakati mmoja. Kwa nje huoni linakwenda, lakini injini inaungua.

Nilimpokea binti mmoja kutoka kule juu mlimani. Namwita mmoja, ila habari zake nimezichanganya na za wengine makusudi, asije mtu wa Kibosho au Marangu akaanza kuhesabu mabinti wa ukoo. Miezi michache kabla, alianza kusikia watu wakimjadili nje ya dirisha. Akaacha kazi dukani. Akawa haingii jikoni kwa sababu moshi wa kuni ulikuwa unampa ujumbe. Siku alipoanza kupiga kelele walimpeleka mahali pa karibu, akachomwa sindano ya haloperidoli, dawa kali ya zamani ya kutuliza waliochanganyikiwa, na kurudishwa nyumbani. Kesho yake akachomwa nyingine. Kelele zikaisha, na nyumba nzima ikapumua. Ilichukua siku kadhaa mtu kugundua kwamba kikombe cha chai kinachowekwa asubuhi ndicho hichohicho kinachoondolewa jioni.

Kwanza walisema amesusa. Alikuwa amegombana na kaka yake kuhusu kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba yao, kwa hiyo sababu ilikuwepo tayari, tena ya kuaminika. Alipoacha kuwaamkia wakubwa, ikawa kiburi. Alipoacha hata kugeuza shingo akiitwa, ikawa amefungwa, na waombaji wakaja kukesha naye. Sina ugomvi na maombi; mimi mwenyewe naimba kwaya. Ugomvi wangu ni na zile siku zinazopita midomo ikikauka, kila mtu akisubiri mwenzake aseme twende hospitali.

Wakamteremsha mjini kwa gari aina ya Noah, amebanwa katikati ya shangazi zake wawili.

Tulipomlaza, shangazi mkubwa aliuchomoa mto ili atandike kanga juu yake. Kichwa hakikushuka. Kilibaki palepale hewani, umbali wa mto, shingo imekaza, macho yanatazama dari. Shangazi alitandika kanga bila haraka, akaurudisha mto, na hakuona cha ajabu. Alidhani binti anamsaidia. Dalili hiyo imo vitabuni, na kabla ya siku ile nilikuwa nimeisoma tu.

"Sista, huyu mwili hauna shida," akaniambia. "Huyu amesusa. Hawa tumewalea wenyewe, tunawajua."

"Shangazi, mara ya mwisho amekojoa lini?"

Akamtazama mwenzake. Mwenzake akatazama mlango. "Kwa kweli mwanangu, hilo hatukuliangalia."

Katatonia haipimwi kwa damu wala kwa picha ya kichwa. Inapimwa kwa macho na mikono, na kipimo chenyewe ni cha dakika tano tu. Kilichozoeleka zaidi duniani ni orodha ya Bush na Francis, iliyochapishwa mwaka 1996. Ina dalili 23, na 14 za mwanzo ndizo za kuchuja: ukizikuta mbili au zaidi, una haki ya kushuku. Nawapenda walioitunga kwa sababu walieleza namna ya kupima hatua kwa hatua, hata mwanafunzi wa muhula wa pili anaweza. Unaanza kwa kumtazama mgonjwa huku ukijaribu kuongea naye ya kawaida. Unajikuna kichwa kwa madaha, uone kama atakuiga. Unaukunja na kuukunjua mkono wake, mara taratibu, mara haraka, ukisikiliza ukinzani. Unamwambia, "Usiniruhusu nikuinue mkono," halafu unausukuma kwa kidole kimoja. Kuna ambaye mkono wake utapaa juu kama aliyeombwa auinue. Unamnyoshea mkono wa salamu huku ukisema, "Usinipe mkono," na unaona wake ukitoka, ukirudi, ukitoka tena, umekwama kati ya amri mbili. Lipo na jaribio la kumwambia atoe ulimi umchome na pini. Hilo sijawahi kulipenda, na huwa namwachia daktari.

Mwisho unasoma faili la saa 24 zilizopita: amekula nini, amekunywa nini, presha na joto vikoje. Hapa ndipo sentensi ya "ametulia, amelala vizuri" inapogharimu, kwa sababu haina hata namba moja ndani yake.

Kwa binti yetu hatukuhitaji kufika mbali. Nilimpima presha, nikafungua mkanda wa mashine, nikageuka kuandika. Nilipomrudia, mkono ulikuwa bado umeelea pale nilipouacha. Nikaushusha; ulishuka taratibu, kwa ukinzani mdogo ulio sawa njia nzima, ukasimama nilipoacha kusukuma.

Aliyelipa tatizo hili jina ni Karl Kahlbaum, daktari wa Görlitz, Ujerumani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1874. Aliuona kuwa ugonjwa unaojitegemea, wenye mwanzo na mwenendo wake. Baada yake akaja Emil Kraepelin, mtu mkubwa kwelikweli katika fani hii, akauingiza ndani ya ule ugonjwa ambao baadaye uliitwa skizofrenia. Neno la mkubwa likasimama karibu karne nzima. Madhara yake hayakubaki vitabuni: daktari akiona mtu ameganda, anaandika skizofrenia, akishaandika skizofrenia, mkono unakwenda wenyewe kwenye haloperidoli. Mwongozo wa Wamarekani wa kutambua magonjwa ya akili, toleo la mwaka 2013, ulilegeza fundo hilo, na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 imeipa katatonia nafasi yake yenyewe. Lakini mkono uliozoea huchelewa kupata habari.

Na haloperidoli ndiyo hasa inayonitisha hapa. Dawa za kutuliza saikosisi, yaani hali ya mtu kusikia au kuamini yasiyokuwepo, hasa zile kali za zamani, zinaweza kuizidisha katatonia, na kwa baadhi ya watu zinaleta balaa kamili: homa kali, mwili kukakamaa, jasho, presha kupanda na kushuka, fahamu kuyumba, misuli kuvunjika na takataka zake kuziba figo. Mwili uliokauka maji uko karibu zaidi na balaa hilo. Kuna pia katatonia ambayo bila dawa yoyote inafika hukohuko kwenye homa na moyo kwenda mbio, na kabla ya tiba za leo wengi waliofika huko walikufa. Ukiwa kitandani mwa mgonjwa, kuzitofautisha hali hizo mbili ni kazi ngumu hata kwa bingwa. La kufanya ni lilelile: simamisha dawa zote za kutuliza saikosisi, si haloperidoli peke yake, mpeleke panapoweza kumhudumia mahututi.

Usikimbilie pia kuamini kwamba kila aliyeganda ni mgonjwa wa akili. Huku kwetu mwenye dalili hizi apimwe malaria, sukari, virusi vya ukimwi, kaswende, chumvi za damu, figo, na kile kipimo cha kuvunjika kwa misuli kama maabara inacho. Taifodi inaweza kuleta haya. Kifafa kisicho na mishtuko kinaweza. Kuacha ghafla pombe au vidonge vya usingizi kunaweza. Na tangu mwaka 2007 tunajua kuna wasichana ambao kinga ya mwili inashambulia ubongo wao wenyewe, mara nyingine kwa kuchochewa na uvimbe kwenye ovari. Wanaanza kama watu waliochanganyikiwa, kisha wanaganda, kisha degedege. Hao wanaweza kupona, lakini dawa yao haiko kwenye kabati la wodi ya akili.

Vipimo vya binti vilirudi bila cha kutisha isipokuwa ukavu wa mwili. Dripu ilikuwa imeshaanza, na mpira wa mkojo ulitoa mkojo mwingi, mweusi kama chai ya rangi. Daktari akaagiza jaribio la dawa.

Mwanafunzi aliyekuwa pembeni yangu akaninong'oneza, "Sista, huyu si amelala tayari? Tunampa tena dawa ya usingizi?"

Ndiyo, tunampa. Dawa inayofungua katatonia ni ya kundi la diazepamu, ileile ambayo wengi wanaijua kama valiamu, ya usingizi na degedege. Inayosifiwa zaidi vitabuni ni lorazepamu, miligramu 1 hadi 2. Ikipita kwenye mshipa unamtazama tena mgonjwa baada ya dakika 5, ikichomwa kwenye msuli unasubiri 15, ikimezwa 30. Hapa kwetu kwenye kabati mara nyingi iko diazepamu, na inafanya kazi. Fununu ya kwanza ilikuja mwaka 1930, pale William Bleckwenn wa Marekani alipowachoma wagonjwa walioganda dawa ya usingizi ya amitali, nao wakaanza kuongea. Kundi la diazepamu likaja kushika nafasi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wataalamu wengi wanaelekeza kidole kwenye gaba, kemikali ya ubongo inayopunguza kasi ya mishipa ya fahamu. Jinsi breki inavyoweza kuondoa mgando bado wanabishana, na wabishane tu. Chumba cha dawa hakiwasubiri.

Daktari alisukuma sindano polepole, mimi nikihesabu pumzi, oksijeni ikiwa karibu. Kwanza nilichoona ni koo: alimeza mate. Halafu macho yakapepesa, mara moja, mara ya pili, kisha mfululizo. Kichwa kikalalia mto. Akageuza shingo kidogo upande wa dirisha alikosimama shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi sijasusa."

Watu wanafikiri mgonjwa wa hivi hayupo. Yupo, na wengi wakishafunguka wanasimulia yote: nani alisema nini, nani alimfinya ili kuona kama anaigiza, nani alilia. Wengine wanasimulia hofu isiyo na kifani, kwamba sauti ziliwaambia wakisogeza kidole mtu wa nyumbani atakufa. Binti huyu alituambia alisikia mjadala wote wa kihamba ukiendelea juu ya kichwa chake. Kwa hiyo ninapomgeuza mgonjwa aliyeganda namwambia, "Dada, sasa nakulaza ubavu wa kushoto," na nikimkuta ndugu anapanga mambo ya ukoo pale kitandani namwomba atoke nje na simu yake.

Baada ya saa chache aliganda tena. Hii inawavunja moyo ndugu kuliko kitu chochote, na hata wauguzi wapya. Sindano ya kwanza huwa inajibu swali tu, kwamba tunachokiona ni katatonia na kwamba mlango unafunguka. Kuuacha wazi kunahitaji dozi kila baada ya saa kadhaa, zikipandishwa kwa siku, wakati mwingine hadi kiwango ambacho mfamasia atapiga simu kuuliza kama umekosea nukta. Kwa lorazepamu kuna wanaofika miligramu 24 kwa siku. Mtu wa kawaida angelala fofofo; huyu anaamka na kuomba uji. Halafu kuna kosa la upande wa pili, la kusimamisha dawa ghafla siku anapoanza kutabasamu, kwa hofu kwamba "atakuwa teja". Inapunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki, na kwa baadhi ya watu kwa miezi.

Niseme ukweli mwingine: tiba hii haifanyi kazi sawa kwa wote. Walioganda hivi karibuni, na wenye sonona au baipola, wanafunguka vizuri zaidi. Mwenye skizofrenia ya miaka mingi ambaye mgando umekuwa mkazi wa kudumu, nafasi yake ni ndogo. Asipofunguka ndani ya siku chache, au homa ikiingia, tiba yenye nguvu kuliko zote ni ya umeme.

Najua neno hilo linavyosikika. Mjini hapa ukitaka kumtukana mtu unamwambia katoroka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na picha inayokuja ni mtu amefungwa kamba anapigwa shoti. Tiba yenyewe leo inafanyika mgonjwa akiwa amepewa dawa ya nusu kaputi na ya kulegeza misuli. Degedege linatokea ndani ya ubongo, mwili unatikisika kidogo tu au hautikisiki. Mzizi wake unaanzia kwenye katatonia. Mwaka 1934 kule Budapest, Ladislas Meduna alimchoma kafuri mtu aliyeganda ili kumletea degedege kwa makusudi, na miaka minne baadaye Ugo Cerletti na Lucio Bini wakaanza kutumia umeme huko Roma. Huwezi kuikuta tiba hii kila hospitali, na familia inapoambiwa kuhusu rufaa hesabu ya kwanza ni nauli na nani atabaki na ng'ombe. Ningetamani mjadala wetu ungekuwa juu ya hilo, namna ya kuifikisha kwa wanaoihitaji, badala ya kama ni ya kishetani.

Lakini kazi kubwa zaidi haina sindano. Ni kumgeuza kila saa 2 ili mgongo usitoke vidonda. Ni kukunja na kukunjua miguu, na kuitazama kama mmoja umevimba kuliko mwingine, kwa sababu damu iliyoganda mguuni ikisafiri hadi mapafuni inaweza kuua kwa dakika. Wengi wanastahili sindano ya kuzuia hilo mapema. Ni kusafisha kinywa. Ni kuandika maji yanayoingia na mkojo unaotoka, kwa namba. Shangazi alikuwa akija na mtori kwenye hotpoti, mtori mzuri wa ndizi na nyama, akitaka kuusukuma kwa kijiko kupita meno yaliyofungwa. Nilimzuia, akakasirika, na namwelewa. Asiyemeza vizuri chakula kinaingia mapafuni. Na aliyekaa na njaa siku nyingi halishwi kwa fujo hata kwa mpira wa puani. Anaanza na vitamini B1 na kiasi kidogo, chumvi za damu zikipimwa, la sivyo chakula chenyewe kinaweza kusimamisha moyo. Mtori ulisubiri. Siku ulipofika zamu yake, aliumaliza na kukomba hotpoti.

Sauti za dirishani hazikuondoka na mgando, bado zilikuwepo. Saikosisi inabaki kuwa saikosisi, nayo ina dawa zake, safari hii za aina mpya, kwa dozi ndogo inayopanda polepole, huku diazepamu ikiendelea na joto likipimwa kila zamu. Daktari na mimi tulibishana kidogo kuhusu siku ya kuanza; nilitaka tungoje zaidi, yeye akasema sauti zikiachwa zitamgandisha tena. Alikuwa na hoja. Kwenye jalada lake, juu kabisa, tuliandika kwa wino mwekundu asichomwe haloperidoli, na shangazi akapewa karatasi yenye maneno hayo aiweke pamoja na kadi ya kliniki.

Ukiwa na ndugu wa namna hii nyumbani, iwe Pasua au Machame, usingoje siku ya kliniki. Beba maboksi yote ya dawa alizotumia, hata yaliyoisha, na cheti cha kila sindano. Andika kwenye karatasi alikula lini, alikunywa lini, alikojoa lini, alisema neno la mwisho lini, na homa ilianza lini kama ipo. Mkifika mapokezi mkaulizwa tatizo, msiseme "hasemi" wala "ametulia", mtapewa benchi. Semeni hajanywa maji tangu juzi na hajakojoa tangu jana asubuhi. Hapo mtaona machela inavyotafutwa.